Mbofyo wa Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo. Bati la ofisi yetu pale chuoni limevuja juu ya meza yangu, si juu ya meza ya Patrice. Sisemi kitu, naandika tu.

Profesa amepiga simu kutoka Lubumbashi. Anataka sura ya matokeo mwisho wa Februari. Nikishindwa, nafasi ya udaktari itakwenda kwa Patrice, msaidizi mwenzangu, ambaye tunagawana ofisi, printa na ufunguo mmoja wa mlango. Nilipokata simu, Patrice alinipa pole kabla sijamwambia Profesa amesema nini. Amejuaje?

Naandika utafiti wenyewe hapa, kwa faida ya yule Orpa mzee atakayesoma daftari hili akiwa amesahau. Mtu anaandika programu, mashine inaitekeleza, na katikati hapo hakuna anayeona kitu. Ikikosea, unasoma karatasi mpaka macho yaume. Mimi nimetengeneza chombo kinachoonyesha programu ikitembea. Maagizo yanachorwa kama ngazi, mstari chini ya mstari: kama mlango umefungwa, na kama kitufe kimebonyezwa, basi mota izunguke. Mstari unaopitiwa na umeme unawaka rangi ya njano. Chini kuna mshale. Ukiusukuma, programu inarudi nyuma au inakwenda mbele, kama video. Tena chombo kinaandika kila mbofyo: nani amebofya, wapi, sekunde ya ngapi. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Mtu anaweza kukudanganya mdomoni, lakini mbofyo wake unabaki pale ulipo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejaribu kwa wanafunzi kumi na wawili. Waliopewa karatasi walitafuta hitilafu kwa dakika kumi na nne. Waliopewa chombo, dakika sita. Nilitaka kucheza peke yangu darasani. Patrice alisema "félicitations", hongera, bila kuinua macho.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimekwenda kiwanda cha shaba kule Panda, nimefika na matope hadi magotini. Mkuu wa umeme, Ingénieur Willy, alinipokea ofisini kwake akiwa amevaa viatu vyeupe. Mtu wa kiwandani mwenye viatu vyeupe msimu wa mvua, hapo tayari kuna swali. Alisaini barua yangu bila kuisoma, akanipa mafundi sita kila Jumatano.

Kiongozi wa mafundi ni Papa Octave, mwanamume wa karibu miaka sitini, mzaliwa wa kambi ya wafanyakazi hapohapo Panda. Alikitazama chombo changu kwa muda mrefu, mikono mgongoni.

"Ni televizyo," akasema.

Tangu hapo wote wanakiita televizyo ya Orpa.

Aliyenisaidia kukiweka kwenye kompyuta ya karakana ni Pitshou. Huyu namfahamu kidogo, maana mke wake, Clotilde, anaimba sauti ya kwanza pamoja nami kwenye kwaya. Pitshou alichimba madini kwa mkono Kambove miaka mingi, kisha akaingia hapa kama kibarua wa siku kwa siku. Miaka tisa ni kibarua. Sasa jina lake liko kwenye orodha ya watakaoajiriwa Januari: kontra ya kweli, yaani mkataba, hospitali ya kiwanda kwa watoto, kila kitu. Clotilde amefunga na kuomba kwa ajili ya orodha hiyo tangu Pasaka. Pitshou ndiye mwenye ufunguo wa kabati ninamoacha karatasi zangu za majaribio. Nimeliandika hilo kwa sababu napenda kujua funguo ziko kwa nani.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Umeme hakuna. Mama ameleta uyoga wa barabara ya Kambove, mkubwa kuliko sahani, tumekula na bukari, ugali wetu.

Jumatano, 19 Novemba

Jaribio la kwanza kiwandani. Sijui hata nianzie wapi.

Kesi ilikuwa hii: mkanda unaobeba mawe hauzunguki, programu ina kurasa tisa, hitilafu ni moja na nimeificha mimi mwenyewe. Karakana nzima inaiita hitilafu "pane". Mafundi watatu karatasi, watatu chombo. Papa Octave alipata karatasi. Ukurasa wa kwanza hakuugusa, Mungu ananiona. Alikwenda moja kwa moja mwishoni, akapindua kurasa mbili tatu kama mtu anayetafuta wimbo ambao namba yake ameshaambiwa, akaweka kidole.

"Pane iko hapa."

Dakika moja na sekunde hamsini. Nilidhani ni bahati. Wa pili, dakika mbili. Wa tatu, dakika mbili na robo. Wale wa chombo vilevile, dakika mbili, dakika mbili. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha kuendesha programu. Kazi yangu ya miaka miwili, ile mistari yote ya njano, hawakuitazama kabisa.

Niliwauliza wamejuaje. Walitazamana. "Inaonekana," akasema mmoja, na wengine wakacheka kidogo.

Inaonekana wapi?

Alhamisi, 20 Novemba

Nimefungua kumbukumbu ya mibofyo. Watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja peke yake chumbani. Mbofyo wa kwanza wa wote watatu uko mahali pamoja: kwenye mota, mstari wa mwisho kabisa wa programu. Wanafunzi wangu waliopewa chombo, hakuna hata mmoja aliyeanzia hapo. Wote walianza juu, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kama tunavyofundisha, kama mashine yenyewe inavyosoma.

Watu watatu hawaingii porini kwa njia moja isipokuwa kuna aliyewaonyesha.

Jumapili, 23 Novemba

Baada ya ibada Clotilde alinishika mkono pale nje, amefurahi, amevaa kikwembe kipya cha kitenge.

"Orpa, bwana yangu anacheka sana juu ya maswali yako. Anasema ni ya batoto."

Nilicheka naye. Lakini Pitshou hayumo kati ya wale sita. Maswali yangu hajapewa. Ameyaona wapi hata akayacheka nyumbani kwake?

Jumatano, 26 Novemba

Nilibadilisha kesi zote. Dakika mbili, dakika moja na nusu, dakika mbili. Mbofyo wa kwanza: mota, mota, mota.

Niliporudi chuoni nilimkuta Patrice kwenye printa, kurasa zangu mkononi. "Namba ya tano umeibadilisha," akaniambia. "Sasa ni ngumu zaidi." Nilimuuliza namba yangu ya tano inamhusu nini. Akasema nilizisahau kwenye printa tangu jana, naye hupenda kusoma. Sawa, Patrice hupenda kusoma. Lakini hajawahi kufika Panda na hamjui mtu kule, nimeulizauliza. Kuna mkono mwingine uliozipeleka.

Ijumaa, 28 Novemba

Sijalala vizuri. Profesa ameandika: "Matokeo ya kiwanda?" Alama moja ya kuuliza, basi. Sikumjibu.

Jumatatu, 1 Desemba

Leo nimekwenda Panda bila kutoa taarifa. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna aliyenisikia nikiingia. Pitshou alikuwa peke yake karakanani, ameketi mbele ya kompyuta, chombo changu kiko wazi, kesi ya Jumatano iliyopita iko kwenye kioo. Alikuwa anausukuma ule mshale wa chini, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto.

Aliponiona alisimama haraka. Mtu asiye na kosa anasimama vile kwa nini?

"Kaka Pitshou, unafanya nini hapa?"

"Naangalia tu vile inarudiaka nyuma. Ni muzuri. Kama ingeanza palepale kwa mwisho, ingekuwa muzuri zaidi."

"Nani alikuruhusu?"

Alitazama chini. "Minye njo niliiweka, Mamzele." Ni kweli, ndiye aliyekiweka pamoja nami.

Nilimwomba ufunguo wa kabati. Alinipa. Njiani nimefikiri: mtu aliyechimba Kambove anajua kupita mahali pasipo na mlango. Ufunguo anao. Kompyuta anayo. Maswali ameyacheka nyumbani. Na wale sita ndio watakaomsemea vizuri kabla ya orodha ya Januari. Kila kitu kimekaa mahali pake.

Jumatano, 3 Desemba

Nimefanya nilichopaswa kufanya. Naandika hivyo ili niamini.

Asubuhi saa moja mafundi wote husimama karakanani kwa mkutano wa dakika kumi: nani anakwenda wapi, jana kulikuwa na nini. Ingénieur Willy alikuwepo, viatu vyeupe. Niliomba kusema. Nilisema majaribio yangu yameharibika, maswali yalitolewa nje kabla ya siku, na ninajua yalipita wapi. Sikutaja jina. Haikuhitajika, kwa kuwa nilikuwa namtazama.

Pitshou alisema, "Minye si mwizi." Alisema mara moja tu, bila kupaza sauti. Papa Octave alifungua mdomo, Ingénieur akamnyamazisha kwa kidole. "Kila kitu kiandikwe," akasema, akanipa karatasi hapohapo. Niliandika, na nakala nimeibandika humu:

"Bwana Ingénieur, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kupata hitilafu iliyofichwa katika kurasa tisa kwa dakika mbili bila kuonyeshwa, ni wazi kwamba maswali yangu yalitolewa nje. Kwa kuwa yalikuwa ndani ya kabati na kompyuta ya karakana, aliyeyatoa ni mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo ni bwana Pitshou."

Ingénieur aliisoma hii. Aliisoma polepole sana, mtu aliyesaini barua yangu ya kwanza bila kuitazama. Akaikunja, akaitia mfukoni, akanishukuru kwa uaminifu wangu.

Papa Octave aliniacha nipite mlangoni bila kunisalimia.

Ijumaa, 5 Desemba

Pitshou ameondolewa karakanani. Amepelekwa kuchunga pampu ya mtoni. Nimeambiwa kwa simu.

Jumapili, 7 Desemba

Clotilde amehamia sauti ya pili. Amesimama upande ule mwingine, nyuma ya mama mnene, ili nisimwone. Mchungaji alipotuambia tupeane mikono ya amani alikuja hadi kwangu, akanipa mkono, akanitazama usoni, akaenda zake. Mkono wake ulikuwa baridi. Ningependelea anitukane.

Jumatatu, 15 Desemba

Kesi mpya nane. Nimeziandika nyumbani, bila mtandao, bila printa. Nimeziweka kwenye flashi, flashi nimeifunga kwenye pembe ya kikwembe, natembea nayo. Hata chooni.

Jumatano, 17 Desemba

Hakuna Pitshou. Hakuna kabati. Karatasi nilichapa kwa mashine ya padri wa parokia jirani, mlango ukiwa umefungwa, nikasimama pale mpaka wino ukauke.

Dakika mbili. Dakika moja na sekunde arobaini. Dakika mbili. Mota, mota, mota.

Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la stoo ya mafuta. Nilijaribu kumshuku padri.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemweleza Patrice kila kitu, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Nilitegemea angefurahi. Hakufurahi. Aliuliza: "Na uliwauliza wanafanyaje?" Nilisema niliwauliza, walicheka. Akasema: "Uliwauliza wamejuaje. Hukuwauliza wanafanyaje."

Nimekasirika mchana kutwa. Anajifanya nani? Lakini hakuiba kitu, Patrice. Nimepekua kila kona ya kichwa changu na sipati alichoiba. Anapenda kusoma kweli.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Kwaya imeimba vibaya. Clotilde hakuja.

Alhamisi, 1 Januari

Bonane, mwaka mpya. Mvua tangu alfajiri.

Jumatano, 7 Januari

Mikono yangu bado ina grisi na sitaki kuiosha kabla ya kuandika.

Nilikwenda Panda kuondoa chombo changu. Nilikuwa nimeamua kumwambia Profesa kwamba kiwanda hakifai kwa utafiti. Saa nne mvua ilishuka kwa fujo, na mkanda mkubwa wa mawe ukasimama, ule wa kweli. Kiwanda kikanyamaza. Ingénieur Willy alipiga kelele kwenye simu. Papa Octave alichukua tochi na bisibisi, akaangalia nyuma, akaniona.

"Kuya," akaniita. "Weye unapendaka kuangalia. Kuya uangalie."

Nilidhani tungekwenda kwenye kompyuta, au kwenye chumba cha michoro. Tulikwenda kwenye mota. Aliinama, akaweka kiganja juu yake, kama unavyoshika paji la mtoto mwenye homa.

"Hii haizunguke. Nani anaipatiaka umeme? Huyu." Akafuata waya hadi kwenye boksi la ukutani, nami nyuma yake, mvua ikituingia shingoni. "Huyu hana. Nani anamupatiaka ruhusa? Hawa wawili. Huyu wa kwanza iko na yake, muzuri, tunamuacha. Huyu wa pili hana. Nani anamupatiaka ruhusa?" Hivyo hivyo, kutoka kitu hadi kitu, kila mara akirudi hatua moja nyuma, akiacha kila kilicho kizima bila hata kukitazama mara mbili. Mara ya tano tulifika kwenye swichi ndogo ya usalama pembeni mwa mkanda. Matope yalikuwa yameingia ndani. Aliifuta kwa shati lake. Mkanda ukaanza kutembea.

Sikutazama saa. Hazikuwa nyingi, dakika zenyewe.

Nilimuuliza, huku najua jibu: "Papa Octave, karatasi zangu ulizisoma namna hii?"

"Namna gani ingine?"

"Kuanzia mwanzo."

"Mwanzo ya nini? Muntu akifa, docteur anaanzaka na tate, babu yake?" Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwaka alioingia kazini, akasema, kabati la michoro lilikuwa limeliwa na mchwa, mchoro wa mwisho wakaukuta ni unga. Mzee aliyemfundisha akawaambia vijana: michoro hakuna, basi anzeni na kile kilichokufa, mukiulize nani anakulisha. "Minye nilifundisha bote hivyo. Bale sita. Na Pitshou. Pitshou njo anajua kupita bote."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Shi weye hukuuliza. Ulituletea televizyo, tukajua unajua. Na ile siku, nilitaka kusema. Uliona vile walinifunga kinywa."

Niliona. Nilifurahi, siku ile, kwamba wamemfunga.

Hakuna aliyeiba kitu. Watu watatu waliingia porini kwa njia moja kwa sababu ndiyo njia. Ningeweza kuiona kwenye kumbukumbu zangu mwenyewe, mbofyo wa pili, wa tatu, wa nne, inarudi nyuma mmoja mmoja. Niliangalia wa kwanza tu, nikafurahi kwamba nimemshika mtu.

Alhamisi, 8 Januari

Ofisini kwa Ingénieur Willy. Nilimweleza, nilimwonyesha mibofyo yote. Alisikiliza vizuri, hata alisema ni jambo la kupendeza sana. Kisha akasema orodha ilikwenda Lubumbashi tarehe mbili.

"Na jina la Pitshou?"

"Na barua yako mu dosye? Ningefanyaje?"

"Nafasi yake imekwenda kwa nani?"

Alisema kwa kijana mmoja mwenye bidii. Pale nje karani aliniambia bila mimi kuuliza: kijana mwenye bidii ni shemeji wa Ingénieur, ameanza Jumatatu, hajui kushika bisibisi. Ndiyo maana barua yangu aliisoma polepole. Alikuwa anatafuta sababu, nikamletea, imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Msimu mzima nimemshuku kila mtu aliyekuwa na mikono michafu, na yule wa viatu vyeupe nikampa karatasi.

Niliomba barua yangu irudishwe. Akasema karatasi ikishaingia kwenye dosye, jalada la mtu, haitoki.

Ijumaa, 9 Januari

Nimekwenda kwa Pitshou. Clotilde alinifungulia, akaingia ndani, akarudi na kiti kimoja. Yeye alibaki amesimama.

Nilisema yote. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo. Pitshou alikuwa amerudi kutoka mtoni, miguu imevimba kwa maji. Aliuliza kama nina nakala ya barua. Nilimpa.

Hakuanza juu. Aliweka kidole kwenye jina lake, neno la mwisho.

"Hapa, minye. Nani ananileta hapa? Huu mustari, ufunguo. Nani analeta ufunguo? Huu, maswali ilitoka inje. Na nani anasema ilitoka?" Kidole kilipanda hadi mstari wa kwanza. "'Hakuna mtu anayeweza.' Ulijaribu?"

"Hapana."

"Uliuliza muntu?"

"Hapana."

"Njo pane yako iko hapa," akasema, akanirudishia karatasi.

Clotilde alianza kulia, si kwa sauti. Alisema mtoto wao wa pili ana kifua, walikuwa wanasubiri hospitali ya kiwanda Januari. "Minye nilikuambia bwana yangu anacheka, Orpa. Nilikuambia sababu nilikupenda. Octave alimuhadithia bile maswali mu njia, banatembeaka pamoja. Ungeniuliza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado niko nayo hapa ninapoandika. Nilimuuliza Pitshou nifanye nini.

"Ulisema mbele ya bantu bote. Usinikuyie na maneno ku nyumba. Sema palepale."

Jumatatu, 12 Januari

Saa moja asubuhi, karakanani. Nilisema. Safari hii jina nililitaja, mara tatu: Pitshou hakuiba, Pitshou hakutoa, Pitshou nilimsingizia. Nilisema hitilafu ilikuwa kwenye kichwa changu. Ingénieur aliangalia saa yake. Yule shemeji alikuwepo, kijana wa watu, anaangalia chini. Niliposema nafasi ile imechukuliwa kwa barua ya uongo na kwamba nitaandika hivyo Lubumbashi, Ingénieur alisema nisirudi tena kiwandani.

Pitshou alisimama mlangoni kwa dakika zote hizo. Mkutano ulipokwisha alichukua mfuko wake akaenda pampuni.

Jumatano, 14 Januari

Nimeandika kwa idara ya wafanyakazi, Lubumbashi. Kurasa nne. Nimeambatanisha mibofyo yote.

Jumatano, 28 Januari

Hawajajibu. Nimeandika tena.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekibomoa chombo changu na kukijenga upya. Kitufe cha kuendesha nimekitoa. Sasa kikifunguka kinakuonyesha kile kilichosimama, peke yake katikati ya kioo, na swali moja: kwa nini hakizunguki? Ukibofya, kinakupa wanaokilisha, wazima wanafifia, mgonjwa anabaki. Unarudi nyuma hivyo mpaka unafika. Patrice amekaa nami siku nne kunisaidia, ananiletea mikate asubuhi, na sijamuuliza kwa nini.

Wanafunzi: dakika mbili na nusu. Kwa karatasi zilikuwa kumi na nne.

Jumatatu, 16 Februari

Lubumbashi wamejibu. Mistari mitatu. Orodha ya mwaka huu imefungwa. Bwana Pitshou anaweza kuomba mwakani kama wengine.

Siku hiyohiyo, saa moja baadaye, Profesa. Amefurahi sana na sura niliyompelekea. Anasema ni ugunduzi, hajaona chombo kama hiki, sura ipelekwe jaridani mara moja, nafasi ya udaktari ni yangu. Nilisoma barua zote mbili, nikaziweka pamoja kwenye bahasha moja.

Ijumaa, 20 Februari

Nilikwenda mtoni, kwa sababu kiwandani siruhusiwi na mtoni hakuna geti. Maji yamejaa, mekundu, pampu inapiga kelele. Pitshou alikuwa amevaa buti za mpira. Nilimwonyesha chombo kwenye kompyuta yangu, chini ya paa dogo. Alibofya mota. Alifuata mpaka mwisho, na nilimwona akitabasamu mahali fulani kwenye mstari wa tatu.

"Sasa iko muzuri," akasema.

Nikamweleza habari ya jarida. Nilimwambia njia hii si yangu. Jina la Papa Octave litakuwepo, amekubali, amecheka. Nataka na jina la Pitshou liwe juu, mbele ya langu, ili kila mtu duniani anayetengeneza vyombo kama hivi alione. Nilikuwa nimeliandika tayari, nilimwonyesha ukurasa.

Aliliangalia jina lake kwenye kioo muda mrefu. Kisha alifunga kompyuta, kwa upole, akanirudishia.

"Hapana, Mamzele. Jina yangu ulisha kuiandika mara moya. Inatosha."

Akaenda kuangalia pampu yake. Nimerudi nyumbani nimelifuta.